Huzuni na Jamaa Zake

Simu iliita saa tano usiku. Alikuwa mpwa wangu, na sauti ilikuwa imemkauka.

"Shikamoo mjomba. Samahani kwa usiku huu. Shangazi ametutoka."

Nikampa pole, nikamwuliza habari za mazishi na nani yuko na wazee. Akajibu yote, kisha akasitasita. Alikuwa amepewa kazi ya kuandika tanzia ya kutuma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na amekwama kwenye sentensi ya kwanza. "Niandike 'kwa huzuni kubwa' au 'kwa majonzi makubwa'? Baba anasema 'simanzi' ndiyo nzito zaidi. Wewe ndiye mtu wa Kiswahili, mjomba."

Nilimwambia aandike lolote, yote yanafaa. Lilikuwa jibu la mvivu. Baada ya kukata simu nilishindwa kulala, nikachukua kamusi. Huzuni, ikasema, ni majonzi. Nikaenda kwenye majonzi: ni huzuni, simanzi. Nikaenda kwenye simanzi: ni huzuni, jitimai. Jitimai nayo ikanirudisha kwenye huzuni. Nilikuwa nimezunguka kama ng'ombe wa kinu na sijapata hata tone la mafuta.

Sidhani kamusi inakosea. Lakini inamfanya msomaji aamini kwamba maneno haya ni ngazi moja, ya chini huzuni, ya katikati majonzi, ya juu simanzi, na kazi ya mwandishi ni kupima amepanda hadi wapi. Sivyo yalivyo. Kila moja lina kwao, na huko lilikotoka lilikuwa linataja jambo lake mahususi. Mengine tumeyasahau jambo hilo, mengine bado tunalitamka kila siku bila kujua.

Ardhi yenye mawe

Tuanze na mkubwa wao. Huzuni ni neno la Kiarabu, *huzn*, na lilivyogeuka kuwa letu kunaonyesha vizuri namna Kiswahili kinavyopokea wageni. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili kama *zn* zigandane mwishoni mwa neno. Hutia irabu katikati, kisha hufunga neno kwa irabu. *Shughl* ikawa shughuli. *Qufl* ikawa kufuli. *Huzn*, kwa njia ileile, ikawa huzuni. Neno likiishia kwa sauti ya midomo, kama m au b, irabu ya kufungia huwa ni u: *hukm* ikawa hukumu, *kitab* ikawa kitabu. Haya hakuna aliyekaa chini akayapanga. Ni midomo ya watu, karne kwa karne.

Likishaingia likapewa viungo vya Kibantu, na hapo ndipo lilipokuwa la nyumbani kabisa. Tuna kuhuzunika, yenye ile *-ika* ya kuvunjika, kukatika na kumwagika. Ni kiambishi kinachoeleza hali iliyokipata kitu bila kumtaja aliyeitia. Kikombe kimevunjika, nani kakivunja, hilo swali jingine. Mtu amehuzunika. Kusikitika nako kumejengwa hivyohivyo, na cha ajabu ni kwamba hakuna mtu "anayesikita". Tumebaki na hali tu, mtendaji hayupo.

Turudi Uarabuni kidogo, kwa sababu mzizi wa neno hili una kitu ambacho kamusi zetu hazikukibeba. Herufi zilezile tatu, ha ya kooni, zay na nun, zikisomwa *hazn* badala ya *huzn*, maana yake ni ardhi ngumu, yenye mawe na miinuko, ambayo mnyama hapiti kwa raha. Mwanazuoni Raghib al-Isfahani, katika kamusi yake ya maneno ya Qurani, anaziunganisha waziwazi: huzn ni mparuzo katika ardhi, na ni mparuzo katika nafsi kwa sababu ya ghamu iliyoiingia.

Kuna kisa katika hadithi za Mtume alizokusanya Bukhari ambacho huwa nakirudia kila nikilifikiria neno hili. Said bin al-Musayyib, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Madina, alisimulia kwamba babu yake alikwenda kwa Mtume, akaulizwa jina lake. Akajibu, Hazn. Mtume akamwambia, bali wewe ni Sahl. Yaani kutoka ardhi ya mawe awe ardhi tambarare, iliyo laini. Mzee akakataa, hakuwa tayari kubadili jina alilopewa na baba yake. Said akamalizia kwa kusema kwamba ule ugumu haukuwatoka tena katika ukoo wao.

Hiyo *sahl* ndiyo sahali yetu, jambo sahali, lisilo na uzito. Kwa hiyo Mswahili anayo maneno yote mawili, sahali na huzuni, ila hajui kwamba yalipozaliwa yalikuwa yanatazamana kama uwanda na mlima. Anayejua hilo haoni tena huzuni kuwa ni wingu au giza, kama tulivyozoea kuandika. Anaiona chini ya nyayo. Aliyehuzunika njia yake ni ileile ya jana, nyumba, kazi, sokoni, kurudi, ila kila hatua sasa ina jiwe. Waliowahi kufiwa wanaujua uchovu wa namna hiyo. Siku haikuwa na kazi yoyote nzito, lakini jioni mwili umevunjika.

Neno hili limekaa pia katika historia yenyewe ya dini. Mwaka ambao Mtume Muhammad alifiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib, mnamo mwaka 619, Waislamu wanauita Mwaka wa Huzuni. Nabii Yaqub, katika sura ya Yusuf, macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya kumlilia mwanawe. Na kwa upande wa Wakristo, waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walipofika kwenye Isaya 53 hawakuona neno jingine la kumvika yule aliyedharauliwa na kukataliwa na watu: "mtu wa huzuni nyingi, ajuaye sikitiko." Neno limeingia msikitini na kanisani, likakaa kwa amani. Waturuki nao walilichukua kutoka kwa Waarabu haohao, kwao ni *hüzün*, na watu wa Istanbul hulitumia kwa ile hali ya mji mzima unaokumbuka ukubwa wake uliopita.

Hamu ilikuwa jirani wa huzuni

Katika dua moja mashuhuri Mtume anaomba kinga dhidi ya mambo kadhaa, na mawili ya mwanzo ni *hamm* na *hazan*. Wafafanuzi wamejiuliza kwa nini yatajwe mawili kama yote ni huzuni. Jibu walilolitoa limenyooka: hazan ni maumivu ya lililokwisha kupita, hamm ni maumivu ya lile ambalo bado halijafika. Wengine wakaongeza la tatu, *ghamm*, kwa ajili ya lililopo sasa hivi na kukufunika.

Yote matatu yalishuka pwani yetu. Ghamu bado ipo katika mashairi, ingawa mitaani huisikii. Wapenzi wa filamu za Kihindi wamelisikia mara nyingi katika nyimbo, *gham*, bila kujua kwamba ni mjukuu wa babu mmoja. Lakini aliyesafiri mbali kuliko wote ni hamm. Huku kwetu likawa hamu.

Nina hamu ya kukuona. Nina hamu ya embe bichi. Neno lililokuwa la kuombewa kinga limegeuka kuwa la kuandikia barua ya mapenzi. Katika tungo za zamani bado utalikuta likiandamana na ghamu, kwa maana ya dhiki ya moyo, na asiyejua hudhani mshairi amekosea. Hakukosea.

Kinachonivutia ni kwamba neno limebadilika maana lakini halikubadilisha uso. Bado linatazama mbele. Kule lilikuwa wasiwasi wa linalokuja, huku likawa kiu ya linalokuja. Na Waarabu wenyewe walijua kwamba kitu kinachoushughulisha moyo si lazima kiwe kibaya: kutoka mzizi huohuo walitoa *muhimm*, jambo linalokukalia rohoni, ndiyo muhimu yetu, na *himma*, ari ya kulitekeleza, ndiyo hima ya "njoo hima". Mtu anayesema "ni muhimu uje hima, nina hamu nawe" ametumia neno moja mara tatu.

Na sasa msikilize mfiwa wa siku ya tatu, pale anapobembelezwa ale. Anasema: sina hamu. Hamu ya chakula haipo, ya kuongea haipo, ya kesho haipo. Hazan imeingia, hamu imetoka. Waliofafanua ile dua wangeielewa sentensi hiyo kwa haraka kuliko sisi tunaoisema.

Kupigwa

Msiba nao ni Mwarabu, *musiba*, kutoka kitenzi ambacho kazi yake ya msingi ni kueleza mshale unapoipata shabaha. Msiba ni kile kilichokupata barabara, hakikukosa. Kiswahili kilipoliona lile *mu* la mbele kikadhani ni mwenzao wa mti na mkono, kikalitia katika ngeli hiyo: msiba, misiba. Msahafu nao ulifanyiwa hivyohivyo, ukazaa misahafu. Tukaenda mbali zaidi, msiba ukawa mahali: niko msibani, tunakwenda msibani, msiba uko Magomeni. Waarabu hawaendi msibani kwa namna hiyo. Kwetu lile pigo lina anwani, lina maturubai na sufuria, lina mtu wa kuandika michango kwenye daftari.

Tanzia ina kisa cha ajabu zaidi. Asili yake ni *taziya*, kumliwaza aliyefiwa, kumpa moyo wa kuvumilia. Baadhi ya watu pwani bado hutamka taazia, na wao wako karibu zaidi na asili. Sisi wengine tuliingiza n, tukasema tanzia, na maana ikapinduka: si faraja tena bali habari yenyewe ya kifo. Ukiona kwenye simu herufi kubwa TANZIA, hujaliwazwa bado. Umeshtuliwa tu. Walimu wa fasihi nao wakalichukua kwa ajili ya mchezo wa kuigiza unaoishia kwa maangamizi ya mhusika mkuu, na kwa sadfa ya kupendeza Wairani wana maigizo yao ya kukumbuka kifo cha Husein, mjukuu wa Mtume, huko Karbala, nayo yanaitwa *taziya*.

Faraja ikaachiwa neno dogo la Kibantu: pole. Wageni wanaojifunza Kiswahili husumbuka nalo, kwa sababu tunalisema kwa aliyefiwa, kwa aliyejikwaa, kwa aliyetoka kazini na kwa aliyenyeshewa. Likitazamwa na ndugu zake halisumbui: pole, polepole, upole, poa. Chai imepoa, homa imepoa. Anayesema pole anamwombea mwenzake joto lishuke, basi. Hata vijana wanaojibu "poa" wakisalimiwa wamo katika ukoo huo, ingawa sidhani wanajali.

Kufiwa

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapofanya jambo ambalo mikopo yote ile ya Kiarabu haikulifanya.

Kufa ni kitenzi kisichohitaji mtu wa pili. Mzee amekufa, imetosha. Lakini Kiswahili kikikitia ile *i* ya kutendea, kinapata kufia: amefia ugenini, mtoto amemfia mikononi. Tazama hiyo ya pili. Mtoto kafa, lakini kitenzi tayari kimemshika mama ndani yake, katika lile *m*. Kisha lugha inapiga hatua moja zaidi, inamhamisha mama kutoka nyuma ya kitenzi na kumweka mbele: mama amefiwa. Sasa mwenye sentensi ni aliyebaki. Kifo kimetendeka, na kimemtendekea yeye.

Ukitaka kujua uzito wa kifaa hiki, kitazame kinavyofanya kazi mahali pengine. Nimenyeshewa na mvua. Amekimbiwa na mke. Tumeharibikiwa na gari njiani. Wamepotelewa na mtoto. Mvua hainyeshi kwa ajili yako na gari haliharibiki kwa makusudi ya kukutesa, lakini lugha inakiri kwamba lilipotokea, wewe ulikuwepo na lilikuangukia. Hakuna lawama ndani yake. Kuna mtu aliyelowa tu. Ninakiri huwa natabasamu nikiwaza kwamba kisarufi, aliyeharibikiwa na gari Chalinze na aliyefiwa na mzazi wamekalia kiti kimoja. Lakini hiyo ndiyo heshima ya sarufi, haiangalii ukubwa wa jambo, inaangalia nani limemfika.

Kutokana na kitenzi hicho tunapata mfiwa na wafiwa. Huzuni haina mtu wake wa namna hiyo. Mhuzuni ni mwenye tabia au sura ya huzuni, anaweza kuwa hivyo tangu utotoni. Mfiwa ni mwenye tukio.

Na kuna neno la kinachobaki baada ya tukio: ukiwa. Mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumtazama. Ukiwa ni hali yake, na pia hali ya mahali palipohamwa. Waliotafsiri kitabu cha Maombolezo walikianza kwa neno hilo: "Jinsi mji huu ukaavyo ukiwa, huo uliokuwa umejaa watu!" Ukitembelea magofu ya Gede, karibu na Malindi, ukakuta mibuyu imeota ndani ya vyumba na kima wamekaa juu ya ukuta wa msikiti, hutahitaji kamusi. Si kwamba mahali pale pana huzuni. Pana nafasi za watu, na watu hawamo.

Neno hili lina bahati mbaya ya kufanana na "ukiwa" ya kawaida, ile ya "ukiwa na swali, uliza". Jaribu kulitafuta mtandaoni uone: utaletewa ukiwa safarini, ukiwa mjamzito, ukiwa na tatizo la umeme. Mhariri mmoja kijana niliyefanya naye kazi aliwahi kunirudishia makala akiwa ameweka alama ya kuuliza kwenye "nyumba imejaa ukiwa". Aliandika pembeni: ukiwa nini? Sikumcheka. Swali lenyewe lilikuwa zuri kuliko sentensi yangu.

Biwi, lindi na mengineyo

Majonzi na simanzi nitayapitia upesi, si kwa dharau. Ndiyo maneno ya magazeti na redio, na yamechoka kwa kufanyishwa kazi nyingi. Majonzi yana umbo la wingi, kama machozi, mate na maji, na hayo hayahesabiki, humwagika tu. Ndiyo maana majonzi "hutanda" na "humjaa" mtu. Simanzi hutawala. Kila ajali ikitokea simanzi inatawala, hadi unashangaa kama imewahi kung'oka madarakani.

Lakini waandishi wa Kenya wana msemo mmoja ninaowaonea wivu: biwi la simanzi. Biwi ni lile fungu la takataka za shambani, magugu na majani yaliyong'olewa, yanayokusanywa pamoja yachomwe. Limekuwa msemo wa kukariri, wengi wanaoliandika hawajawahi kuliona biwi, ila ukilitazama hasa ni picha kali: huzuni kama kitu kilichong'olewa sehemu mbalimbali kikarundikwa mahali pamoja, kinachofuka moshi bila kushika moto. Watanzania wao hutumbukia katika lindi la majonzi. Lindi ni shimo refu. Hapo tena, usiulize nani amewahi kuchungulia.

Jitimai ni ya washairi. Ukiikuta kwenye tangazo la serikali, jua aliyeandika alikuwa na muda.

Kihoro ni kingine kabisa. Hiki ni huzuni ya kuondokewa iliyochanganyika na mshtuko, na wazee wa pwani walikihofu kama tunavyohofu ugonjwa, kwa sababu kina mwisho wake: fulani kafa kwa kihoro. Mume kazikwa Jumatatu, mke hakuonekana na maradhi yoyote, wiki mbili baadaye naye kafuata. Nilipokuwa mdogo niliyachukulia haya kuwa maneno ya kibarazani. Kisha nikasoma kwamba mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ya moyo unaodhoofika ghafla baada ya pigo kubwa la hisia. Chumba cha kushoto cha moyo huvimba chini na kubana juu, na mgonjwa hufika hospitali na dalili zote za shambulio la moyo, ila mishipa yake haikuziba. Waliiita *takotsubo*, jina la mtungi wa kutegea pweza, kwa sababu moyo katika picha unafanana na mtungi huo. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi. Wengi hupona, baadhi hawaponi. Wavuvi wetu nao wanamjua pweza, ila jina la ugonjwa tulikuwa nalo tayari, tatizo ni kwamba halikuwa na picha.

Sonona si huzuni

Hapa pana fujo ya kweli, na inaleta madhara.

Kusonona ni kuuma kwa ndani, kule kunakopwita, kama jino au kidonda kilichofungwa. Moyo nao husonona, mtu husononeka. Wataalamu wa afya ya akili Tanzania walipohitaji jina la ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria una watu zaidi ya milioni 300 duniani, walilichukua hili: sonona. Wengine, hasa Kenya, husema unyogovu au mfadhaiko. Mimi ni mfuasi wa sonona. Ina mwili ndani yake.

Lakini jina likishatoka hospitali watu hulivuta. Leo aliyeachwa na mchumba juzi anasema ana sonona, na kwa upande wa pili anayeumwa sonona kweli anaambiwa "acha huzuni, kaswali, utapoa". Tofauti ni hii: huzuni ina sababu unayoweza kuitaja, na hupanda na kushuka. Mfiwa hulia asubuhi, mchana akacheka kwa kumbukumbu ya marehemu, usiku akalia tena. Sonona hukaa. Madaktari huanza kuifikiria pale hali ya kunyong'onyea au kutofurahia lolote inapodumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2, ikiambatana na mambo kama usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, kujiona huna thamani, au kuwaza kufa. Inaweza kumshika mtu ambaye hakufiwa na yeyote. Inatibika, na anayewaza kujidhuru anahitaji kufikishwa kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Huzuni ya kufiwa nayo sasa imewekewa kalenda. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, unatambua maombolezo yaliyopitiliza, kuanzia miezi 6. Madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao, wamesema miezi 12 kwa mtu mzima. Wapo waliokasirika, wakauliza nani ana haki ya kumpangia mfiwa. Mimi nawaza tu kwamba si jambo geni sana. Eda, ile ya mjane, miezi 4 na siku 10, jina lake kwa Kiarabu linatokana na kuhesabu. Ila eda haikudai kwamba siku ya kumi na moja moyo utakuwa umekwisha. Ilimhesabia siku ambazo asisumbuliwe.

Saa kumi alfajiri, kabla adhana haijalia, nilimpigia mpwa wangu. Alikuwa macho. Nikamwambia nimemdanganya, maneno yale hayafanani, na nikaanza kumweleza habari za ardhi yenye mawe. Alinisikiliza kwa adabu, dakika mbili hivi.

"Mjomba," akasema, "nilishatuma."

Akanitumia. Huzuni haikuwemo, wala simanzi ya baba yake. *TANZIA. Tumefiwa na shangazi yetu. Maziko ni leo baada ya swala ya adhuhuri. Msiba uko nyumbani kwake.*

Nilifika kabla ya jua kupanda. Wanawake walikuwa wameketi kwenye majamvi ukumbini, na mabinti wa marehemu wameegemea ukuta. Akaingia bibi mmoja wa Mombasa, jirani wa siku nyingi, anatembea kwa fimbo. Hakusema pole. Alisimama mlangoni, akavua ndala, akasema lile ambalo kwao husemwa, ukiwa katika wingi wake:

"Makiwa."

Mabinti wakajibu kwa pamoja, bila kuinua vichwa.

"Tunayo."